Maneno Niliyoyasema Siku ya Kunyoa

Gaborone, Jumapili baada ya kanisa

Dada Naliaka,

"Deni la mtu aliyekufa halina mwenyewe. Shamba la Baba ni la wanawe wa kiume, binti aliyeolewa ana kwake, na hakuna haja ya kumpelekea hakimu mambo ambayo ukoo umeshayamaliza."

Hivyo ndivyo Simiyu anavyokujibu kila unapompelekea fomu za mahakama atie saini, kama ulivyoniandikia. Na wakati anakujibu hivyo, ameshapata mnunuzi wa kile kipande cha kando ya barabara pale Kibabii, Mama anapopanda maharagwe yake. Niliposoma hayo damu ilinichemka. Nilivuta karatasi nikaanza kumjibu mdogo wetu kama ninavyowajibu watu magazetini. Nilimwambia kwamba deni la marehemu lina mwenyewe: ni mali aliyoiacha. Hulipwa kutoka humo kwanza, ndipo warithi wagawane kinachobaki, na hakuna mtoto anayelazimishwa kulitoa mfukoni mwake. Nilimwambia kwamba sheria ya mirathi haiulizi mtoto ameolewa wapi. Nilimwambia kwamba ukoo unaweza kukubaliana mpaka jua litue, lakini hati ya shamba ina jina la Baba, na mpaka mahakama iseme nani anasimamia mali yake, anayeuza hata hatua moja anauza kisicho chake.

Nilifika chini ya ukurasa kalamu ikikimbia, nimeridhika na nafsi yangu. Hapo nikajiuliza: Simiyu ameyatoa wapi maneno haya? Yeye hazungumzi hivi. Simiyu ni mtu wa "sawa tu, bana."

Ameyatoa kwangu. Ni yangu, neno kwa neno. Niliyasema siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya kumzika Baba, ukoo unapokutana kumaliza mambo ya marehemu.

Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu, nawe unanijua. Hamjambo huko Endebess? Yule ng'ombe asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe, amezaa? Na Mama huko Kibabii, magoti yanamruhusu kushuka mpaka kwenye maharagwe, au anakaa mlangoni akiyatazama? Mimi mwili ni mzima. Shule zimefunguliwa, joto ni la kuchosha, nafundisha historia kwa watoto wanaonisikiliza kwa adabu kuliko ninavyostahili. Nakuandikia kwa karatasi wala sikupigii simu kwa sababu moja. Kwenye simu ningezungumza, na nikizungumza huwa nashinda. Mara hii sitaki kushinda.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi, lakini niache niiandike, kwa maana barua hii si yako peke yako. Tulikuwa tumenyolewa sote, vichwa vinang'aa, tumekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Mama. Baba mdogo akasimama na fimbo yake, akauliza kama desturi yetu inavyotaka: nani alimdai marehemu, na nani alidaiwa naye? Aseme leo, mbele ya watu, kwa maana baada ya leo hasikilizwi. Mzee mmoja akasema Baba aliazima kwake gunia la mbegu. Akalipwa papo hapo. Mama mmoja wa jirani akasema yeye ndiye anayedaiwa, jogoo, na jogoo mwenyewe ameshaliwa. Watu wakacheka, Baba mdogo akamsamehe kwa niaba ya kaburi.

Ndipo ukasimama wewe na ile bahasha ya kaki.

"Mimi nina mwingine anayedai," ulisema. "Ni ofisi ya ushuru. Baba akiwa mgonjwa hakulipa ushuru wa vyumba vya Kitale. Barua zao ziko hapa. Alinipa yeye mwenyewe, akasema zisomwe siku ya kunyoa."

Hukumaliza. Nilikuwa nimeshasimama.

"Ati serikali inadai? Iko wapi? Mimi hapa naona watu walionyolewa. Kama ilikuwa inamdai Baba, si ingekuja nayo inyolewe!"

Walicheka, Naliaka. Walicheka mpaka Baba mdogo akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, iletewe wembe!" Wakaanza upya. Wewe ulibaki umesimama na barua mkononi, ukingoja kicheko kiishe kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Barasa, sijasoma bado," ulisema.

"Dada, wewe una boma lako Endebess. Mambo ya hapa tuachie wenye hapa."

Ulizirudisha barua ndani ya bahasha. Ukapitisha kidole kwenye mdomo wa bahasha, mara mbili, ukakaa karibu na Mama. Mama hakuwa amecheka. Nami nikayasema yale maneno ambayo Simiyu anakujibu leo, kisha nikaendelea kugawa kama mtu aliyetumwa na Mungu: shamba la Kibabii kwa Simiyu, nyumba kwa Mama maadamu yu hai, vyumba vya Kitale kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa kiume na ndiye niliyesoma. Wewe, uliyemwogesha Baba mpaka siku ya mwisho, sikukupa hata kiti. Baba mdogo akasema mambo yameisha, tukaenda kula.

Hayo unayajua. Sasa nifike kwenye yale usiyoyajua.

Kwa miaka mitatu wapangaji wa Kitale wamekuwa wakinitumia kodi ya nyumba kwa simu, huku Gaborone. Uliponiambia paa la chumba cha mwisho linavuja, nilikujibu kwamba hakuna pesa. Zilikuwepo. Na kila Juni, watu wanapojaza ritani zao za ushuru, niliingia kwenye akaunti ya Baba nikamjazia ya sufuri. Neno lake la siri nilikuwa nalo. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti ile, katika saiba moja, duka la intaneti, pale Kitale, yeye akiwa amekaa pembeni na kofia yake magotini, akinionya nisikosee herufi za jina lake. Kwa jina hilo hilo, akiwa kaburini, nilitangaza mara tatu kwamba hakupata chochote mwaka huo. Niliogopa kwamba namba yake ikinyamaza ghafla, mtu atauliza nani anakula kodi ya vile vyumba.

Unamkumbuka Baba na risiti zake. Alizifunga kwa kamba ya katani, mwaka kwa mwaka, akaziweka chini ya kitanda kama mtu mwingine anavyoweka Biblia. Vyumba vile alivijenga kimoja kimoja, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na kila kimoja kilipoanza kuleta kitu alikwenda kukitaja ofisi ya ushuru. Majirani walimcheka. "Mzee, wewe unajipeleka mwenyewe?" Alikuwa akijibu kwamba anataka kulala kwa amani. Ni ugonjwa tu uliomzuia mwishoni, na hata hapo alitafuta njia, akakupa bahasha. Mtu huyo nimemfanya mwongo baada ya kufa. Yeye hawezi kuamka kunikana.

Na lipo jambo baya zaidi. Kile kijitabu changu kuhusu matajiri wanaokwepa ushuru, kile ulichomsomea Mama mkafurahi, gharama ya kukichapisha ilitoka kwenye vyumba vile.

Nilivyozinduka ni hivi. Kuna mkutano wa Wakenya hapa, tunakutana kila baada ya miezi kadhaa. Nilihutubia. Nilipiga meza, nikawataja wakubwa wanaokula jasho la wanyonge, nikapigiwa makofi. Wakati wa chai akanijia muuguzi mmoja, mjane, kwao ni Moi's Bridge.

"Mwalimu, si wewe unasoma sana? Nisaidie. Mume wangu aliacha nyumba za kupangisha. Ushuru aliouacha nani analipa, mimi ama watoto? Na nikichukua kodi kabla ya korti, hiyo ni makosa?"

"Nitakutafutia jibu," nikamwambia.

"Usikawie, bana. Shemeji zangu tayari wanapima kiwanja na kamba."

Nikakaa kusoma kwa ajili yake, na nilisoma kwa bidii, kwa maana napenda kuwa na jibu. Nikaandika: ushuru aliodaiwa mumeo mpaka siku aliyokufa unatoka kwenye mali yake, si kwenye mshahara wako. Kodi inayoingia baada ya kifo ni ya mali ya marehemu, na anayeishika bila idhini ya mahakama ataitolea hesabu yote, na inalipiwa ushuru kama kodi nyingine. Anayepewa idhini ndiye anayejaza ritani za marehemu. Mke hafukuzwi kwenye nyumba yake, na mabinti wana haki sawa na wavulana. Nikaandika pia jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui: kuhamisha shamba kutoka jina la marehemu kwenda kwa warithi wake halali hakutozwi ushuru kama kuuza. Kumbe hata ule ushuru wa kuhamisha shamba, tuliouogopa tukaikwepa mahakama, haukuwepo.

Alilisoma jibu akiwa amesimama mlangoni. "Kumbe ni mambo rahisi hivi, Mwalimu," alisema. "Watu wanaogopa nini?"

Juma lililofuata zikafika fomu zako na ile barua ya habari za Simiyu. Nilitarajia matusi, ningejua la kufanya na matusi. Kunihusu mimi ulikuwa umeandika mstari mmoja tu, pembeni mwa fomu: "Barasa, nimeweka majina yetu sote kwenye orodha ya warithi kwa chifu, lako pia." Hilo "lako pia" halinitoki kichwani. Nimelibeba shuleni, nimelibeba kanisani.

Basi haya ndiyo niliyoyafanya. Fomu ya kukubali wewe na Mama muwe wasimamizi wa mirathi nimeitia saini mbele ya wakili mwenye muhuri, na imo humu. Imo pia orodha ya kila kodi niliyoipokea tangu Baba afe, nimeinakili kutoka kwenye jumbe za simu, hata miezi ambayo ningeweza kuisahau. Wapangaji nimewaambia wasinitumie tena. Pesa zingoje mpaka mahakama iwape idhini, kisha mzipokee ninyi. Ofisi ya ushuru nimeiandikia kwamba zile ritani za sufuri si za Baba wala si za familia, ni zangu mimi, Barasa, na faini yake wasiitafute Kibabii. Nakala imo. Nimeiandika na kuichana barua hiyo fupi mara nyingi kuliko makala yoyote ya kumtukana waziri.

Vyumba vya Kitale sivitaki. Kodi niliyoila ihesabiwe kuwa fungu langu, na ikionekana nimekula kupita fungu langu, nitarudisha kidogo kidogo kutoka mshahara. Yule muuguzi anakuja likizo. Ndiye anayeibeba bahasha hii, na atakutafuta Kitale. Usimwambie yaliyomo. Au mwambie. Mimi sina tena cha kulinda mbele yake.

Mpe Mama mkono wangu, uushike muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na ukimwona anataka kunitetea, usimruhusu. Msalimie shemeji, mumeo, ambaye kwa miaka hii mitatu hakuniuliza kwa nini maziwa ya boma lake yanalipia dawa za Mama wakati vyumba vya Baba vimejaa watu. Msalimie Nafula, binti yako anayesomea ualimu huko huko Kibabii. Mwambie mjomba wake anamsihi asome sheria ya mirathi kabla hajaolewa, na aisome tena baada ya kuolewa. Baba mdogo namsalimia kwa heshima zote, kwa kuwa ndiye ndugu wa Baba aliyebaki, nami niliitumia fimbo yake kupitisha uongo.

Sasa nawageukia wengine.

Simiyu, mdogo wangu, uliniamini. Sikulaumu kwa kuyashika maneno yangu, nakuomba uyaachilie. Mrudishie yule mnunuzi pesa aliyokwisha kukupa kabla hajachimba shimo la kwanza la ua, umwambie kaka yako ndiye aliyekosea, kisha utie saini jina lako chini ya la Naliaka.

Baba mdogo, waite watu walewale, pale pale kwenye nyasi. Najua baada ya siku ya kunyoa mtu hasikilizwi. Vunja desturi hiyo mara moja, kwa sababu mimi niliivunja kwanza nilipomnyamazisha mwenye ujumbe wa marehemu. Shika fimbo yako, umpe Naliaka nafasi ya kusimama. Na asome kwanza barua za ile bahasha ya kaki, zote, kama Baba alivyotaka, ndipo asome hii.

Nanyi mliokuwepo, pamoja na wewe uliyetaka wembe uletwe: nilipozungumza mimi mlicheka. Sasa nyamazeni, azungumze yeye.

Ndugu yenu mwenye aibu,
Barasa