Neno Nililosema Juu ya Meno Yako

Susu,

Tulikuwa tunaongea Kikamba, nyanya na mjukuu, lakini barua nilifundishwa kuandika kwa Kiswahili, kwa hivyo nivumilie. Kusoma hukujua hata hivyo. Labda ndiyo maana nimepata ujasiri.

Wiki jana Ndinda, binti yangu wa kwanza ambaye hukuwahi kumwona, alikuta kitambulisho chako ndani ya Biblia yangu. Ana miaka sita. Alikuwa amejifunga taulo kichwani ili awe na nywele ndefu, na kwapani ana mwanasesere niliyemnunulia mjini Kabati siku ya soko, mweupe, nywele za manjano mpaka kiunoni. Akaitazama picha yako, mdomo wako umefunguka kidogo, meno yanaonekana, akaniuliza, "Mami, huyu bibi ni mchawi?"

Niliinua mkono nimpige. Nikaushusha, maana nilijua nani alistahili kile kibao. Neno hilo juu yako nililisema mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, na sijawahi kumwambia mtu.

Unakumbuka lile furushi la nguo lililoletwa kanisani kutoka ng'ambo? Wenzangu walipata sweta. Mimi nikapata mwanasesere na kitabu cha hadithi ya binti mfalme. Nilikuwa darasa la tatu. Kabla ya hapo wewe ndiye uliyekuwa ukinitengenezea watoto wa magunzi, unawafunga vitambaa, nami nawabeba mgongoni. Jioni hiyohiyo niliwatia wote motoni. Ulicheka, ukasema angalau wamechemsha chai.

Yule binti mfalme aliniteka, Susu. Alikuwa na nywele za kufagia sakafu, na ngozi nyeupe kama maziwa ya bure tuliyopewa shuleni. Nilijitazama kwenye karai la maji nikaona kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Nikaanza kujisugua mikono kwa jiwe la kuogea, mpaka siku moja nikajitoa damu. Ulinipaka mafuta bila kuuliza. Na mwishoni mwa kitabu kulikuwa na kizee kibaya, mla watoto, meno yamechongoka. Kama yako.

Wewe ulichongwa meno ukiwa msichana, kama wasichana wa rika lako waliotaka kupendeza. "Babu yako aliona hii meno kwanza, mimi akaniona baadaye," ulikuwa ukisema, kisha unacheka kinywa wazi mpaka machozi yakutoke. Mimi nami nilikuwa nayapenda, mpaka kitabu kilipofika.

Siku niliyosahau chakula ulinifuata shuleni na bakuli la isyo, mahindi na maharagwe bado ya moto. Nilikuwa nimekaa na Mwikali kando ya darasa, kitabu kimefunguliwa ukurasa uleule. Ukatusalimu, ukacheka, ukaenda zako. Mwikali akatazama picha, akatazama mgongo wako, akauliza mbona susu yangu ana meno kama ya huyu. Ningemwambia ni urembo wa zamani, basi ingeisha. Nikasema, "Kwa sababu hata yeye ni mchawi. Susu yangu wa kweli yuko ng'ambo."

Nilisema hivyo kwa sababu binti mfalme hawezi kuwa na nyanya kama wewe. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Mwezi huo mdogo wake Mwikali alikufa kwa surua, na wewe ulikuwa umempakata siku mbili kabla. Mwikali akapeleka neno langu nyumbani. Mama yake akaja, akasimama mlangoni pa jikoni, akakuuliza kama ni kweli mjukuu wako mwenyewe anakuita mchawi. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nikakusikia ukisema, "Mtoto wangu hawezi sema maneno kama hiyo. Huyo wako amesikia vibaya." Mwikali akachapwa kwa kusema uongo. Nilimsikia akilia kutoka ng'ambo ya mto, na sikutoka.

Lakini neno lilikuwa limeshatembea. Alhamisi ulipeleka isyo kwa mkutano wa akina mama, ukarudi na sufuria imejaa. Tulikula siku mbili. Kanisani wakawa wanakuachia nafasi ya watu watatu kwenye benchi. Hakuna aliyekutukana, walikuogopa tu. Ukaanza kuziba mdomo kwa ncha ya leso unapocheka, hata nyumbani, hata mbele yangu. Na kwa kuwa nimeanza niseme yote: nilipokuona unaziba, nilifurahi. Niliona sasa unapendeza.

Naona haya, Susu.

Jioni ile Mama Mwikali alipoondoka uliniita nikaketi karibu nawe. Hukuniuliza kitu. Ungeuliza ningekana, na nadhani ulilijua hilo pia. Siku ya mazishi yako akina mama wa kanisa walisimama mbali, wakaondoka bila kuonja chakula. Nilifika kaburini, nikalia kwa sauti kuliko wote, na bado sikusema.

Ndinda nilimketisha chini nikamweleza wewe ni nani na meno yale yalikuwa ya nini. Aliyagusa meno pichani kwa kidole. Akauliza kama kuchongwa kuliuma. Nikamwambia sijui, sikuwahi kukuuliza.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha watoto kanisani siku ya Jumapili. Huenda baada ya wiki hii wakanitoa. Kesho kutwa ni Alhamisi. Mama Mwikali bado yuko hai, macho yamepungua, lakini hakosi mkutano. Mwikali ameolewa huko Kikima, nimemtumia ujumbe aje, amekubali. Nitasimama mbele yao wote, Ndinda akiwa pembeni yangu, nitaje jina lako, niseme Mwikali alisikia vizuri, na aliyedanganya ni mimi. Nakuahidi sitapunguza hata neno moja.

Naogopa. Lala salama, Susu yangu wa kweli. Safari hii usinitetee.

Mjukuu wako,
Syombua