Tete la Urefu Wangu

Jumatatu, 5 Juni 1978

Maji nimeteka, uwanja nimefagia, maharagwe yako motoni, na bado ninatabasamu peke yangu kama mjinga. Mke wa mtu! Ukelo wangu akikohoa tu, ninafurahi.

Anatafuta mashine ya kunyoosha mbao. Ameshasafisha kibanda cha nyuma ya nyumba kiwe atelie yake ya useremala. Amechoka na randa ya mkono. Kazi ya kwanza itakuwa kitanda chetu. Ili ajue anahitaji mbao ndefu kiasi gani, amenisimamisha ukutani akakata tete sawasawa na urefu wangu, kisigino mpaka utosi. Nilicheka hadi nikashindwa kusimama wima.

"Simama vizuri, sheri yangu, utatoka mufupi!"

Mama Mave, jirani yetu, alikuwa anaanika mihogo. Alituangalia. Akaingia ndani, nusu ya mihogo ikabaki kwenye beseni.

Jumanne, 6 Juni

Tumekwenda depo, duka la vifaa mjini. Mashine mpya, fupi, ya kijani, inang'aa kama sahani ya harusi. Meza mbili ndogo za chuma, katikati visu vinavyozunguka. Unasukuma ubao juu yake, unatoka umenyooka. Au ndivyo inavyotakiwa. Ukelo akalaza tete juu ya meza. Likazidi huku na huku. Ubao mrefu kwenye meza fupi unainama, akasema, na visu vinafuata ule upinde.

Mimi ningeichukua hiyo hiyo. Rangi nzuri. Nampenda anapokunja uso akifikiri.

Alhamisi, 8 Juni

Leo amekwenda peke yake Shari, kwa Muzee Ngabu, seremala wa kutoka Kpandroma. Muzee amechoka, anauza mashine aliyoachiwa na Mgiriki mmoja aliyerudi kwao. Ndefu, nyeusi, nzito, ya mota na mkanda. Tete langu lililala juu yake lote. Muzee alinyoosha mbao mbili, akazikutanisha ubavu kwa ubavu, akaziinua kwenye jua. Hakuna mwanga uliopita kati yake. Hata kidogo.

Ukelo ameingia nyumbani akiimba. Ameomba siku za kufikiri, lakini moyo wake umeshabaki kule. Na tete pia. Amelisahau juu ya mashine.

Ijumaa, 9 Juni

Mama Mave amekuja mpaka jikoni.

"Mutoto, ile tete iko wapi?"

Nikamwambia. Akakaa chini. Kwao, ambako ndiko kwao Muzee Ngabu pia, fundi wa kitanda anapima kitanda. Kwa tete anapimwa maiti tu. Mwenye msiba hawezi kuongea, kwa hiyo anabeba tete, analiweka mbele ya seremala, anaondoka. Hakuna kuulizana.

"Lifuate. Livunje leo."

Nilicheka. Kisha nikamwita Ukelo. Ukelo naye amecheka, eti kwao Mahagi hawana mambo hayo. Lakini ameniahidi kwenda kesho.

Jumamosi, 10 Juni

Amerudi mikono mitupu.

Muzee alimpokea kwa mikono miwili. "Pole, mutoto yangu. Nani alikufa?"

"Hakuna mutu, muzee. Tete ni ya bibi yangu. Iko nyumbani, anapika sombe."

Muzee akacheka kidogo. Akaacha. Akamwonyesha kwa kidole nyuma ya mlango. Sanduku la maiti lilikuwa limekwisha. Amelitengeneza kwa ile mashine ndefu.

Nilimuuliza Ukelo likoje. Aliona haya kujibu. Maungio yake hayapitishi mwanga, akasema.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya misa nimemlazimisha anipeleke. Ninaandika ukweli: ni zuri. Jeupe, linanukia mbao mbichi. Nilisimama kando yake nikaona kichwa changu kingefika wapi, na miguu wapi. Kulikuwa na nafasi ndogo iliyobaki, ya kitambaa.

Nikamwomba Muzee alibomoe.

"Hapana, mama. Sanduku ikishatengenezwa haibomolewi. Inangoja tu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini alipokuwa anasema hakuniangalia usoni. Aliangalia visigino vyangu.

Sitaki ile mashine. Ninajua Ukelo anaitaka. Ninaogopa kufa, na ninaogopa zaidi kufa sasa, katikati ya furaha hii yote.

Jumatano, 14 Juni

Ameleta ile fupi ya kijani. Sikumsihi. Asubuhi aliondoka, mchana nikasikia gari la depo mlangoni.

Mbao zake zinatoka na upinde, kama alivyosema. Anazisahihisha kwa randa ya mkono, jasho linamtoka, hanung'uniki. Ameweka mbao mbili pamoja na kuziinua. Mwanga ulipita, mwembamba kama uzi. Nikaweka jicho langu pale, nikamwona mume wangu upande wa pili, amekatwa nusu. Ee Mungu, ninavyompenda.

Lakini mashine ikinyamaza ninalikumbuka lile sanduku. Linangoja. Jioni nilipita kanisani nikaomba lipate mwenyewe mwingine. Sikutaja jina la mtu. Nilijua ninaomba nini.

Jumamosi, 17 Juni

Amekufa mama mmoja wa Shari, aliyekuwa anauza samaki wa ziwani sokoni. Homa, siku mbili. Mara kadhaa alinifungia samaki kwenye majani na kunitania kwa ajili ya kanga yangu mpya. Alikuwa mrefu kama mimi.

Nimekwenda matanga. Sikumwambia Ukelo. Nikaliona sanduku lilipotolewa, nikalijua.

Dada zake walilisifu katikati ya kilio. Lilipatikana siku ileile, walisema. "Na lilimutosha! Kama vile alipimwa!"

Nililia. Nililia kuliko wote, mpaka mama mmoja akanishika bega.

"Mulikuwa ndugu?"

Nikasema ndiyo.

Wakanisogezea nafasi kwenye mkeka. Baadaye nikasaidia kuosha masufuria.