Mabao Anayofunga Baba Si Yake

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada na naomba uisome barua hii yote kabla hujanikasirikia, maana ukiiacha katikati nitaonekana mtu mbaya, na ukiimaliza sijui nitaonekana mtu gani.

Mimi ni kitinda mimba katika nyumba ya fundi seremala, tuko wawili tu, mimi na kaka yangu, na sisi tumekulia mbele ya mashine ya gemu, ile ya zamani yenye pedi za waya, ambayo mteja mmoja wa baba aliyekuwa anahama alituachia, na baba akaitengenezea kabati lenye mlango na kufuli, ufunguo akawa anautia mfukoni mwa aproni pamoja na penseli, hatufunguliwi mpaka Jumamosi, tena madaftari ya shule yakaguliwe kwanza. Mama alikuwa akisema ile mashine ndiyo yaya aliyetulea. Baba mwenyewe hakuwahi kucheza, alikuwa akisimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi akitutazama tunavyorukaruka, anatucheka, anauliza nani hasa anayetoka jasho, nyinyi au hao wa kwenye kioo. Kaka alinionea sana miaka ile, alikuwa akinipa pedi ambayo haijachomekwa, na mimi nabonyeza kwa nguvu zangu zote nikidhani nacheza, mpaka siku nilipoufuata waya kwa mkono nikaukuta umelala chini ya kiti, nikalia hadi nikashikwa na homa.

Sasa sisi ni watu wazima, kaka ana familia yake mbali, mimi napanga mizigo kwenye duka la jumla na bado naishi nyumbani, na mwaka huu baba alipigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, lakini mkono wa kulia, ule anaofanyia kila kitu, umebaki kama wa mtu mwingine. Kule kliniki dada wa mazoezi ya viungo alimpa sponji ya kukamua na vifungo vya kufunga na kufungua, baba akawa anafanya huku amenuna, nami nikapata wazo, nikasema mbona pedi ina vitufe, si ni mazoezi yale yale, nikaitoa mashine kabatini, nikaifuta vumbi, tukaweka mpira wa miguu. Mchezo wa kwanza nilimfunga bila hata kujaribu, kidole gumba chake hakifiki kwenye kitufe, pedi ikamponyoka, na mchezo ulipoisha aliuweka ule mkono juu ya paja akautazama, machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona baba analia, mshauri, hata tulipomzika bibi hakulia mbele yetu.

Kesho yake, wakati wa kupanga timu, nikaiacha timu yake ichezwe na kompyuta. Pedi yake imechomekwa vizuri, anabonyeza, wachezaji wanakimbia, wanapiga, na yeye haoni tofauti kwa sababu hajawahi kucheza maishani mwake, akafunga bao, yaani kompyuta ikafunga, akacheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu augue, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuangalia kuna nini. Nilijiambia leo tu. Lakini ikawa kila jioni nikirudi kazini namkuta ameshakaa ananisubiri, na mimi nikawa naipandisha kompyuta kiwango kidogo kidogo ili aone anapata nafuu, na kweli akaiona hiyo nafuu, akaacha sponji, akaacha kliniki, akasema hayo ni mambo ya wagonjwa.

Wiki iliyopita alikwenda karakana, akaupaka mafuta msumeno wa umeme, akapokea kazi ya vitanda, mbao zimeshaletwa, na anafungua mwezi ukianza. Nilimwambia baba subiri kidogo, mkono bado. Akanijibu, "Mkono unaokufunga wewe mabao manne utashindwaje na ubao?" Na asubuhi ile ile kikombe cha chai kilikuwa kimemponyoka, mama akasema kikombe kilikuwa na mafuta.

Nikampigia kaka. Alicheka kwanza, kisha akaniambia nimemvika baba kilemba cha ukoka, na nisithubutu kumwambia sasa hivi, itamuua, bora niutoe mkanda wa ule msumeno niufiche, mzee aone mashine imeharibika. Mkanda najua unavyotolewa. Nimeshausogelea, nikarudi. Nikimwambia namvunja moyo, nikinyamaza nitakuja kuviokota vidole vyake kwenye vumbi la mbao. Nifanye nini?

Kitinda Mimba

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma yote kama ulivyoomba, na nimekukasirikia vilevile.

Mtu akimwona baba yake analia kwa mara ya kwanza, akili humruka. Ile siku moja ninakusamehe kabisa; ungeishia hapo tungesema ulimtuliza mgonjwa. Lakini kupandisha kiwango? Hapo huruma ilikuwa imekwisha. Ulikuwa unamtengenezea baba yako nafuu ya bandia, jioni baada ya jioni, kwa sababu kicheko chake kilikuwa kitamu na wewe ulikuwa unakihitaji kuliko yeye. Dada wa mazoezi alileta dawa chungu, wewe ukaja na peremende. Ulitegemea mgonjwa achague nini? Muda wote huo mkono ule ungekuwa umepata kitu, hata kidogo. Hicho ndicho ulichomnyang'anya tayari, wakati unaogopa kumnyang'anya furaha.

Kaka yako naye asikupotoshe. Baba yako ni fundi. Ukificha mkanda atanunua mwingine kabla hujamaliza chai yako, na njia ya mwongo ni fupi. Tena atazidi kuamini kwamba mkono ni mzima, mbovu ni mashine. Nyinyi wawili mmekua mkijua kwamba mchezo ukiharibika unazima, unawasha, unaanza upya. Kidole kikikatwa hakianzi upya.

Unasema ukweli utamuua. Wewe uliugundua ukweli wa pedi yako ungali mtoto mdogo, ukalia, ukashikwa na homa, na bado upo unaniandikia. Kwa nini unamwona mzee aliyelea watoto wawili kwa mikono yake kuwa dhaifu kuliko mtoto yule? Pole yako ni ya kweli, sikatai, lakini ina dharau ndani yake, na dharau hiyo uitoe kabla hujaenda kuzungumza naye.

Sasa sikiliza. Usingoje mwezi uanze. Omba ruhusa kazini, rudi mchana, umkute karakana akiwa peke yake. Usimwambie mbele ya mama yako, aibu ya mwanamume mbele ya mkewe ni nzito. Kaa chini, useme kwa maneno machache: "Baba, mabao yale yalikuwa ya kompyuta. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuona unalia." Usiongeze mapambo. Atakasirika. Huenda akakufukuza, huenda akakaa siku nyingi bila kukusemesha, na utavumilia. Lakini usiondoke pale kabla hujamwomba ufunguo wa karakana, na akupe yeye mwenyewe, usimwibie. Akikataa, mwite kaka yako, aje kwa miguu yake, ushauri wake wa kwenye simu tumeshausikia. Mbao za vitanda zipelekwe kwa fundi mwenzake, baba yako akae pale asimamie vipimo, kwani macho yake hayakupigwa na kiharusi. Na kliniki mnakwenda wote wawili, wewe ndiye utakayemweleza yule dada kwa nini mgonjwa wake alipotea.

Hasira zikishapoa, mwombe mcheze tena. Weka kiwango cha chini kabisa, na timu yake aichezeshe mwenyewe. Atafungwa. Mwache afungwe, wala usipoteze mipira makusudi ili kumfurahisha, maana safari hii atajua na hatakusamehe. Mtakaa hapo jioni nyingi, yeye anafungwa na wewe unaona haya kumfunga. Na siku kidole gumba chake kitakapofika kwenye kitufe, hata mpira ukigonga mwamba ukatoka nje, utakuwa umepigwa na baba yako.