Mama Joyline Anataka Nishuke Mtini

Kwako Bi Ruguru, mshauri wetu,

Nakuandikia nikiwa mzima, na naomba msaada kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa mzima. Mimi ni mchumaji wa miraa hapa Mikinduri, nimepanda miti mirefu tangu ujana, ile ya zamani ambayo mwenye shamba hulipa zaidi kwa sababu miraa yake ni tamu na matawi yake hayamjui mtu, na wakati wa mvua ya Aprili tawi moja likaniacha hewani nikaangukia rundo la nyasi ya ng'ombe, nikaamka na kiuno kinachouma na imani iliyoongezeka, namshukuru Mungu, na aliyekata zile nyasi namshukuru pia ingawa hakuwa amenikatia mimi.

Sasa binti yangu Joyline anasomea uchumi huko chuoni Nchiru, akaja likizo na maswali ya utafiti, akaniambia, "Baba, wataalamu wanaweza kujua watu wanathamini uhai kiasi gani kwa kuangalia mishahara." Nikamwambia mimi nilidhani wanaangalia mazishi. Akanieleza polepole, tuseme wachumaji elfu moja wanapanda miti mirefu, kila mmoja analipwa elfu ishirini zaidi kwa mwaka kuliko wa miti mifupi, na kwa mwaka huo anakufa mmoja zaidi kwa kuanguka. Zidisha, unapata milioni ishirini, na hiyo ndiyo thamani ambayo watu hao wenyewe, kwa kukubali kibarua, wameweka kwa kuepuka kifo kimoja. Bi Ruguru, nilitembea sokoni siku nzima nikiwa mtu wa milioni ishirini, na bado nikanunua sukari ya robo.

Joyline akaniuliza ningekubali kupunguziwa kiasi gani nihamie miti mifupi. Nikamjibu, "Mimi wa kupunguziwa? Andika niongezwe." Akacheka, akaenda jikoni kumwuliza mama yake, Kathambi, mimi nikiwa nje nanawa miguu, na jiko letu ni la mbao, halifichi neno.

"Mama, ungekubali pesa ya nyumba ipungue kiasi gani ili baba asipande miti mirefu?"

"Andika yote."

"Mama, hapa wanataka kiasi."

"Andika yote ya hiyo miti mirefu, na kuku wangu juu. Ya miti mifupi nibakishie, kwa sababu huyo mtu akibaki atakula."

Nilinawa miguu mpaka maji yakaisha. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuambiwa neno kama hilo, na hata hilo sikuambiwa, nimelisikia tu, na tangu siku hiyo kila nikishika shina naona ni kama napanda na mali ya mtu.

Shida ni kwamba Joyline amebakisha mwaka mmoja na karo inatoka kwa miti mirefu, na miti mifupi hapa kwetu huchumwa na wanaoanza kazi. Nilipomgusia mwenzangu Mutwiri aliniambia, "Mzee, karibu shule ya nasari, usisahau uji." Kwa hivyo nafikiria kwenda Kiambere kwa shemeji yangu Ireri, aliyeoa dada yangu, ana shamba la muguka, ndugu yake miraa, na muguka ni kichaka, ukianguka kutoka kwa muguka umeanguka kutoka kwa viatu vyako, malipo ni kama ya miti mifupi lakini huko hakuna mtu wa Mikinduri wa kuniona nikichuma nimesimama chini. Ni mbali, ningekuja nyumbani Krismasi na Pasaka. Niendelee kupanda, au niende? Nitashukuru kwa lolote utakaloniambia, siku hizi nashukuru hata nikikohoa.

Muthamia, Mikinduri.

Muthamia,

Barua yako nimeisoma. Pole na kiuno. Utamu umeishia hapo.

Binti yako amekueleza vizuri na wewe umeelewa vibaya. Ile milioni ishirini si bei yako. Ni hofu ndogo ndogo za watu elfu moja wasio na majina, zimejumlishwa pamoja, zimsaidie anayeamua kama daraja litiwe vyuma vya kando, apime gharama na vifo vitakavyoepukwa. Tena hesabu hiyo inasimama ikiwa hao watu wanaijua hatari wanayolipwa, na wana kazi nyingine ya kuchagua. Wewe ulipoanza ulijua? Uliona pesa, ukaona wenzako wako juu, ukapanda.

Kathambi anajua. Hakujibu kuhusu watu elfu moja, alijibu kuhusu mmoja, anayekula sana. Na unafikiri alisahau karo? Mtu akishataja kuku wake, ameshafika mwisho wa hesabu. Kaeni chini na Joyline awaambie kuna mkopo gani wa wanafunzi na kuna ufadhili gani, mwone pengo limebaki kiasi gani, halafu mlizibe mkiwa wawili.

Kiambere usiende. Unataka kumpa mke wako mume aliye salama na asiyekuwepo, na kwa mtu anayelala peke yake tofauti ya huyo na marehemu ni ndogo. Isitoshe unakimbia mdomo wa Mutwiri. Hebu muulize binti yako kama kuna mtaalamu aliyeuwekea mdomo huo bei. Chuma miti mifupi hapo hapo Mikinduri, mchana, wakikuona. Watacheka kwa muda, halafu mmoja wao atakuvuta pembeni akuulize uliachaje. Mwambie mwenye shamba wiki hii, usingoje msimu uishe, na umwambie wanaobaki juu wapewe kamba nzuri na wasipandishwe mti ukiwa na maji. Wewe umeshaanguka, atakusikiliza.

Tena nimeona kitu. Umemshukuru Mungu, umemshukuru mkata nyasi, umenishukuru mimi kabla sijasema neno. Kathambi hujamshukuru, kwa sababu italazimu ukiri ulikuwa unasikiliza. Kiri. Mwambie ulisikia yote, na ya kuku pia. Usimpe hotuba, sema kisha unyamaze. Pengine atakuambia ulete kuni. Lete.