Uzi Mwekundu Kwenye Vitabu vya Nyuki

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Karatasi.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Naitikia leo shikamoo uliyoniandikia miezi saba iliyopita, nami naona haya. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki mbili. Niwie radhi. Sikuwa mgonjwa wala sikukosa muda. Mtu aliyestaafu ana muda hata wa kuwagawia majirani.

Hujambo wewe? Kifua kimepona na baridi hiyo? Mumeo na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yananung'unika nikipanda ngazi, na mkazamjomba wako ananung'unika nikishuka.

Barua yako niliipenda, ingawa hukuandika tarehe. Mtu anayefundisha historia chuoni haachi tarehe. Sitalirudia jambo hilo.

Uliniuliza swali moja tu, nalo ndilo lililonizuia kushika kalamu. Ulitaka kujua kama maktaba yetu bado ina vile vitabu vya historia na falsafa ya uhuru wa kisiasa ambavyo marehemu mama yako aliviazima ulipokuwa mtoto, au kama kweli viliibwa, kama watu wanavyosema.

Havikuibwa. Vipo. Niliyevificha ni mimi, na mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nimeinuka, nimezunguka chumba, nimerudi. Naendelea.

Unajua kwamba nilikuwa mjalidi mkuu wa maktaba. Miaka ishirini na sita iliyopita ilitoka amri kwamba vitabu vyote vya uhuru, haki na mamlaka vikusanywe vichomwe. Wakaguzi walikuwa waje baada ya siku nne. Nilijifungia katika chumba cha kujalidia, nikasema natengeneza vitabu vya ufundi. Kulikuwa na vitabu vya kufuga nyuki, kutunza cherehani na kupika sabuni, ambavyo kurasa zake zilikuwa zimeliwa na wadudu lakini majalada yalikuwa mazima. Nilivichuna majalada hayo nikavivika vitabu vya uhuru arobaini na vitatu. Kazi ilikuwa safi. Wakaguzi walivishika kwa mikono yao wenyewe na kuvirudisha rafuni.

Lakini walikuwa na orodha, na vitabu arobaini na vitatu vilivyoandikwa humo havikuonekana. Funguo za chumba vilimokuwa vitabu hivyo alikuwa nazo karani wa kuazimisha. Walimuuliza, akasema hajui, na kweli hakujua. Hawakumwamini. Alifungwa miezi kumi na mmoja, akafukuzwa kazi, na jina la mwizi wa vitabu likamganda. Unamfahamu: ni yule Fundi Saa wa kwenye kona ya soko. Hakuanzia kwenye saa. Alijifunza kazi hiyo alipotoka gerezani, kwa kuwa hakuna ofisi iliyomtaka.

Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa. Kisha wakubwa waliotoa amri wakaondoka madarakani, amri ikafutwa, nami nikaendelea kunyamaza.

Mjalidi husoma anaposhona, atake asitake. Kurasa nyingi za vitabu vile zinasimulia wafalme waliolazimishwa kutia saini, na watumwa waliokataa kurudi mashambani. Hizo hazinisumbui. Kimoja, kile chenye jalada la sabuni ya kufulia, kinauliza kama mtu anayenyamaza kwa hofu na mtu anayenyamaza kwa sababu kunyamaza kunamfaa ni watumwa wa aina moja. Sikuimaliza sura ile. Niliishona haraka kuliko zote.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia leo. Mwezi uliopita nilipita maktaba, na mkutubi mpya, binti mchapakazi, akaniita huku akicheka.

"Mzee wangu, hebu njoo uone! Kuna bwana amekuja juu hapa. Anasema alitaka kufuga nyuki, amefungua ukurasa wa kwanza anakuta mfalme anakatwa kichwa!" Akanipa kile kitabu. "Sijui alikijalidi mlevi gani."

Mpwa wangu, sijawahi kuonja pombe. Nilitamani kumwambia autazame mshono ule, kisha anitafutie mlevi mwingine anayeshona hivyo. Nikajiuma ulimi. Maana mshono wenyewe unanisema: chini kabisa kwenye mgongo wa kila kitabu nilipitisha uzi mwekundu mara mbili. Mwalimu wangu wa ujalidi alinifunza kuitia alama kazi iliyonitoa jasho. Mtu mwenye akili akificha kitu haweki alama. Mimi niliiweka mara arobaini na tatu, kwa sababu sikuweza kuvumilia kazi nzuri namna ile ikose mwenyewe.

Ijumaa hii vitabu vyote vya ufundi vya zamani vinatolewa vikasagwe kiwandani. Kiwanda chenyewe nakisikia kikinguruma hapa nilipoketi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maktaba, na karatasi ya kuidhinisha iko mbele yangu, haijapata saini.

Njia nyepesi naiona. Naweza kwenda keshokutwa, nikaomba vitabu vya nyuki na sabuni kama mzee anayetafuta cha kumshughulisha, nikavitambua kwa uzi, nikakutumia. Hakuna atakayeuliza. Utapata vitabu vya mama yako, nami nitabaki mtu wa heshima zake. Fundi Saa naye atabaki mwizi.

Njia nyingine ni kusimama mbele ya kamati nikasema yote, na kabla ya kamati, nisimame mbele yake yeye. Hili ndilo linaloninyima raha. Kila tukikutana hunitania, "Mjalidi, gundi imetoka mikononi au bado?" Nami hucheka kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Jana asubuhi mkazamjomba wako alichoka na kwenda na kurudi kwangu. "Kaa chini, bwana wee! Utanitobolea sakafu." Nikakaa, nikamwambia kila kitu. Nilijiandaa kukaripiwa. Yeye alimaliza kukunja nguo, akapanda kiti, akaitungua saa ya ukutani, akaitoa betri na kuifunga saa kwa kitambaa.

"Saa imeharibika," akasema.

"Haijaharibika. Inakwenda sawa na redio."

"Mimi nimekwambia imeharibika, mzee. Ipeleke kwa fundi."

Tangu jana imo kikapuni karibu na mlango. Mara mbili nimekinyanyua kikapu hicho, na mara mbili nimekumbuka kwamba sijamaliza barua yako. Sasa naimaliza, na sababu hiyo nayo inaniishia.

Nisalimie mumeo Mrefu, na umwambie bado ana deni la kunishinda katika bao. Wasalimie watoto, hasa kitindamimba wako anayeandika kwa mkono wa kushoto, msimbadilishe. Mkazamjomba wako anakusalimu sana. Mungu awafunike nyote, akupe afya ya kufundisha na wanafunzi wenye masikio.

Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii hutangoja miezi saba. Ila kifurushi kikikufikia bila barua ndani yake, usinishukuru.

Ni mimi nikupendaye, jana na leo,
Mjomba wako.