Kuni za Wageni wa Mazingira

Ulyankulu

Kaka Aleksi,

Shikamoo. Mvua imetukimbia, ila kikohozi cha mama kimepungua. Simu yako hupokewa na katibu, ndiyo maana naandika.

Kamati yenu ya taifa ya elimu ya maendeleo endelevu ilipotuma wageni kuzindua mpango shuleni ninapofundisha, kila mwanafunzi aliagizwa kuni za kuwapikia. Nilimuuliza mwalimu mkuu, "Tunawafundisha kutunza msitu kwa kuwatuma kuukata?"

Akacheka. "Dada Spesioza, wageni watashiba hotuba?"

Binti yako Ange alifuata kuni msituni, akagongwa na nyoka. Mama alitaka nikuandikie kwamba ni malaria. Nimekataa. Amekatwa mguu, kaka. Mmeandika mengi kuhusu kizazi kijacho. Njoo ukione kikijifunza kutembea upya.

Mdogo wako,
Spesioza