Nimemwekea Mke Wangu Linux, Amehama na Mashine Yake

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, na ukishamaliza kunicheka unijibu upesi, maana hapa nilipo nina kompyuta nzuri kuliko zote mtaani na sina mtu wa kukaa naye sebuleni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, umri wangu ni ule wa kutafuta miwani huku umeivaa, na mke wangu ni mshonaji, hasa wa kudarizi, yaani anachora nembo kwenye kompyuta, anaihamishia kwenye flashi, anaichomeka kwenye mashine na mashine inashona yenyewe huku yeye akikata nyuzi, na tuliishi hivyo kwa amani mpaka mwenzangu wa fizikia, ambaye shuleni tunamwita Profesa kwa sababu ya koti lake tu, aliponionyesha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao ni wa bure, ulioandikwa wazi kila mtu ausome, hakuna kampuni inayokuamulia lolote, nami nikaona kumbe miaka yote hii tumekuwa wapangaji ndani ya kompyuta zetu wenyewe, nikaanza kuwadharau wote wasiojua, nikamdharau karani wa shule, nikamdharau mkuu wa shule, na Jumamosi moja mke wangu akiwa saluni nikaifuta kompyuta ya nyumbani (ambayo kusema kweli ilinunuliwa kwa ajili ya kazi yake) nikaweka Linux, ila mafaili yake niliyahifadhi kwanza, mimi si mnyama.

Aliporudi programu yake ya kudarizi ikagoma, akaninunia siku mbili, nikamtafutia nyingine ya bure, akajifunza wiki mbili huku akinisema, na sina budi kukiri aliiweza, akawa anachora nembo vizuri kuliko zamani wakati mimi bado nahangaika na printa. Sasa kwa ajili ya usalama nilikuwa nimeifunga diski nzima kwa neno la siri lenye herufi ishirini na tatu, lina mito miwili na kina cha ziwa moja, na kila kompyuta ikiwashwa lazima liandikwe, na kwa kuwa watu wa nyumbani kwangu huandika maneno ya siri nyuma ya kalenda, sikumpa mtu, nilikuwa naiwasha mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda kazini. Binti yetu, ambaye yuko chuo na ana mdomo wa mama yake, akaniuliza, "Baba, na huu uhuru wenu unafunguliwa saa ngapi?" Nikacheka, nikadhani ni utani.

Alhamisi umeme ukakatika dakika moja ukarudi, kompyuta ikazimika, ikawa inadai neno la siri, na pale sebuleni alikuwa amekaa mwalimu wa kwaya na kitambaa cha majoho arobaini, anasubiri kuona nembo ya mfano kabla hajamwachia kazi. Mke wangu akanipigia simu nikiwa nasimamia mtihani, akasema, "Baba, nitajie hilo neno lako." Nikamwambia siwezi kulitaja mbele ya watoto wa watu. Akasema, "Basi toka nje ulitaje." Nikamwambia neno la siri halisemwi kwenye simu, huo ndio msingi wa usalama, asubiri nitarudi saa kumi. Akasema, "Haya, mwalimu," akakata. Hajawahi kuniita mwalimu tangu tuoane.

Niliporudi mwalimu wa kwaya alikuwa ameondoka na kitambaa chake, meza ya mashine ilikuwa tupu, na mke wangu yuko kwa dada yake, muuguzi, ambaye nilipomfuata siku ya pili alinizuia mlangoni akisema, "Shemeji, hapa tunashona. Mhadhara peleka shuleni." Kwa nyuma nikamsikia mke wangu: "Mwambie akae na kompyuta yake." Amepata chumba cha kazi karibu na soko, anahamia tarehe mosi, na naogopa kwamba huko hatahamishia mashine tu, atahamia na yeye mwenyewe.

Swali langu ni hili: nifanyeje ili aelewe kwamba Linux ni bora, au nikubali kushindwa nirudishe ule mfumo wa zamani?

Ni mimi, Mwalimu wa Jiografia.

*

Mwalimu,

Nimekucheka kama ulivyoomba. Nimekucheka mara ya pili nilipofika kwenye "mimi si mnyama". Sasa tuongee.

Kwanza nikutoe hofu: sina ugomvi na Linux yako. Mimi ninayekujibu, mwenye kitambi na magoti yanayolalamika ngazini, nimeitumia nyumbani miaka sita, na jibu hili nalichapa humo humo. Nilianza kwa makelele kama wewe. Mwezi wa kwanza nilimhubiria kila mtu, mpaka fundi aliyekuja kutengeneza friji. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Mzee, na friji nalo litaendeshwa na hiyo?" Kwa hiyo ugonjwa wako naujua, nimeuugua mwenyewe, na ndiyo maana sikuonei huruma sana.

Umeuliza ufanyeje mkeo aelewe. Mtu mzima, umeisoma barua yako kabla ya kuituma? Umeandika kwa mkono wako kwamba alijifunza kwa wiki mbili na akakupita. Wewe printa yako imeanza kuchapa? Mwanafunzi pekee wa Linux aliyefaulu nyumbani kwako ni huyo huyo unayetaka nikusaidie kumfundisha. Mkeo hajakimbia mfumo. Amekukimbia wewe uliyekaa juu yake.

Uliwacheka watu kwamba ni wapangaji ndani ya kompyuta zao. Sawa, maneno matamu, nami niliyasema sana kwa fundi wa friji. Kisha ukaichukua kompyuta iliyonunuliwa kwa kazi ya mkeo, jambo ambalo umelificha kwenye mabano kama mtu anayeficha soksi iliyotoboka, ukaifuta yuko saluni, ukaweka kufuli, ufunguo ukautia mfukoni ukaenda nao darasani. Ile kampuni uliyoikimbia haijawahi kumwambia mkeo asubiri mpaka saa kumi. Mwenye nyumba mpya mtaani ni wewe, na masharti yako ni magumu kuliko ya yule wa zamani.

Eti usalama! Usalama dhidi ya nani, ndugu yangu? Dhidi ya mwalimu wa kwaya? Una siri gani kwenye hiyo diski, ramani za mvua? Kilichokuwa na thamani humo ni nembo za mkeo, na mwizi pekee aliyefanikiwa kumzuia mwenye nazo asizifikie anavaa miwani na anasimamia mitihani. Binti yako alikuuliza saa za kufungua. Alikuwa hakutanii, alikuwa anakupa nafasi. Ukacheka.

Haya, kalenda inakimbia, fanya ninavyokuambia. Leo, ukitoka kazini, badilisha hilo neno la mito na maziwa. Weka fupi, linaloandikika na mtu mwenye sindano mdomoni. Liandike kwa kalamu. Ndiyo, kwenye karatasi, na akitaka kulibandika nyuma ya kalenda mshikie gundi.

Usirudishe mfumo wa zamani kwa hasira ili uonekane umejitoa mhanga, maana utakuwa umemfutia kompyuta yake mara ya pili bila kumuuliza. Muulize anataka upi. Akisema wa zamani, unarudisha, mdomo umefunga. Akisema huu huu aliouzoea, usitabasamu. Hasa usitabasamu. Wewe na Profesa tafuteni kompyuta chakavu mahali pengine mkaivuruge huko mpaka mridhike.

Kabla ya kwenda kwa shemeji yako, pitia kwa mwalimu wa kwaya. Mwambie wazi kwamba siku ile mshonaji hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la mwalimu wa jiografia. Huenda kitambaa bado hakijakatwa. Kama kimekatwa, utakuwa angalau umetamka kosa lako mbele ya mtu asiye mkeo, na kwa mtu wa aina yetu hilo ni zoezi zuri.

Kisha nenda kwa muuguzi. Usipeleke mhadhara. Mpe mkeo karatasi na umwambie hivi tu: "Nilikosa, kompyuta ni yako, neno hili hapa." Usiongeze neno "lakini". Halafu simama tayari kubeba mashine, kurudi nyumbani au kwenda kwenye chumba cha soko, atakakosema yeye. Ni nzito, mgongo utauma, vizuri.

Na kama hatakufungulia siku hiyo, usipige kelele mlangoni. Pitisha karatasi chini ya mlango, kaa kwenye ngazi, na subiri mpaka saa kumi.